Msimbazi Mmoja, Wan Moja

Kwa Kichina sanifu kununua ni mǎi, na kuuza ni mài. Mdomo unafanya kazi ile ile. Kinachobadilika ni mwendo wa sauti. Ya kununua inazama chini halafu inajiinua kidogo, ya kuuza inaanzia juu na kuporomoka. Mwenye fremu Mtaa wa Congo, Kariakoo, Dar es Salaam, anayeagiza mashuka Guangzhou, au yule wa Aggrey anayeleta betri na kava za simu, anayahitaji maneno hayo mawili kuliko hata salamu, na lugha ya watu imeyaweka yakigusana mabega. Ukija kwenye tarakimu mambo ni yale yale: nne ni sì, kumi ni shí, kumi na nne ni shísì, arobaini ni sìshí. Aliyetajiwa arobaini akasikia kumi na nne atafurahi mpaka siku ya kulipa.

Mchikichini, si mbali na soko la mitumba la Karume, yuko mwalimu anayejipatia riziki kwa kuzitenganisha sauti hizo. Chumba anachofundishia kilikuwa stoo ya viatu, na siku za joto bado kinanuka ngozi na gundi. Darasa linaanza jioni, fremu zikishafungwa. Wanafunzi ni wenye maduka, mawinga, yaani madalali wa Kariakoo, wanaotaka siku moja waagize mzigo wao wenyewe, akina mama wanaochangia kontena, na kijana mmoja wa kupakia mizigo anayesikiliza akiwa mlangoni na halipi. Wote wanamwita Mwalimu, hata wanaomzidi umri kwa mbali. Hao yeye huwaamkia shikamoo kwanza, ndipo anawasahihisha. Jina lake ameomba lisiandikwe, kwa hoja kwamba darasa limeshajaa.

Hana kitabu cha kiada. Ana kompyuta mpakato kuukuu, spika ya bluetooth inayoenea kiganjani, ubao, na vitu vya bure vya intaneti. Ni hivyo vya bure vilivyonifanya nimfuatilie, maana hakuna asiyeweza kuvipata. Kamusi ya Pleco inapakuliwa bila malipo na maneno yake yanatamkwa. Forvo inakupa neno moja likisemwa na watu mbalimbali, kila mtu na lafudhi ya kwao. YouTube imejaa walimu wa Kichina wenye tabasamu na meno meupe. Iko hata kozi ya zamani iliyotengenezwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya wanadiplomasia na wanajeshi wake, sasa ni mali ya umma, kanda zake zina mkwaruzo wa kaseti na wazungumzaji wake hawajawahi kuona simu ya mkononi. Mwenye simu janja na bando anaweza kuvishusha vyote usiku huu huu. Wanafunzi wengi wa Mwalimu waliwahi kuvishusha, wakavijaza kwenye simu, wakaviacha huko.

Anachofanya yeye utakielewa ukiamka alfajiri ukaangalie belo likifunguliwa pale Karume. Nguo zote zimo, na mwenye jicho anajua kwa kupitisha mkono ipi ya kutundikwa, ipi ya kumwagwa chini iende kwa jero, ipi ya kuwa tambara la gereji. Mwalimu anaipitia intaneti kwa mkono wa namna hiyo. Video ya dakika ishirini anaisikiliza yote, anachukua sekunde kumi na moja, anafunga.

Nimekaa pembeni yake akiandaa hizo sekunde kumi na moja. Safari hiyo hazikutoka YouTube. Mmoja wa wenye fremu alikuwa na ujumbe wa sauti wa WeChat kutoka kwa muuza mashuka wa Guangzhou, akamwomba ruhusa autumie kujifunzia, yule Mchina akacheka akakubali. Bila ruhusa Mwalimu hagusi sauti ya mtu, na jina la kiwanda hulikata kabla ya kitu kingine chochote. Ujumbe mmoja wa WeChat hauzidi sekunde 60, na muuza mashuka alikuwa amezitumia karibu zote, akiruka kutoka kwenye bei kwenda kwenye rangi, kutoka kwenye rangi kwenda kwenye meli.

Mwalimu aliifungua sauti kwenye Audacity, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2000, na maneno yakawa vilima na mabonde kwenye kioo. Hakutafuta mwisho wa sentensi. Alitafuta pumzi. Mtu anapozungumza haraka, alinieleza, hapumziki pale kitabu kinapoweka nukta. Anamwaga maneno fungu zima, anavuta hewa, anamwaga jingine, na sikio la mgeni linatakiwa lidake fungu. Basi anakata penye pumzi. Kisha baada ya kila fungu anaingiza kimya cha sekunde mbili, mwanafunzi arudie. Nikamuuliza kwa nini asipunguze tu kasi, YouTube yenyewe ina kitufe cha kupunguza na VLC pia. Akasema, "Mchina wa dukani hana kitufe." Kasi ya maneno anaiacha kama ilivyozaliwa, anachoongeza ni nafasi ya kufikiri.

Halafu inakuja kazi ambayo mwanafunzi hataiona kamwe, nami ndiyo iliyonivutia kupita zote. Faili lazima liwe dogo, kwa sababu watu wanaishi kwa bando la kuungaunga. Anatoa sauti ya mkondo mmoja, anaibana hadi kilobiti 32 kwa sekunde, na sekunde kumi na moja zinakuwa kilobaiti 44 hivi, kitu ambacho WhatsApp inakimeza hata mtandao ukiwa unasuasua. Lakini kubana kupita kiasi kunanyofoa sauti za juu, na s inajitofautisha na sh huko juu. Kwa hiyo masomo ya sì na shí anayatoa kwa kilobiti 64. Mafaili yanakuwa na uzito maradufu na halalamiki. Masomo ya toni anayabana bila huruma, maana kupanda na kushuka kwa sauti kunakaa chini, hakupotei. Jambo hili hakufundishwa na mtu. Aligundua kwamba kuna wiki darasa zima lilikuwa likikosea zoezi moja, akalisikiliza zoezi lenyewe kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote pale darasani, akakuta kosa ni la faili.

Kuna jambo la Guangzhou ambalo video nyingi za bure hazilisemi. Zinafundisha matamshi ya Beijing, ulimi ukikunjwa vizuri kwenye sh. Watu wengi wa kusini mwa China hawaukunji. Kwao kumi inakaribia kusikika kama nne, na kilichobaki kuzitofautisha ni toni peke yake. Mfanyabiashara aliyejifunza kwa sauti safi za studio anafika sokoni anakuta nusu ya alama alizozitegemea hazipo. Hapo Mwalimu anaitumia Forvo kwa namna yake: tarakimu moja, watu wanne, wa kaskazini na wa kusini wakichanganywa, darasa linasema ni ipi. Na kwa kuwa Wachina wanahesabu kwa mkono mmoja mpaka kumi, anachukua video za watu wakipatana bei na kuzicheza bila sauti kabisa. Sita ni gumba na kidole cha mwisho, ishara ambayo kwetu ni "nipigie". Nane ni gumba na shahada. Darasa linasoma vidole, linaandika bei, ndipo sauti inafunguliwa. Sijaona matumizi ya video yenye akili kuliko kuinyamazisha.

Toni zenyewe zina hadithi ndefu zaidi. Kiswahili hakibadilishi maana ya neno kwa kupandisha au kushusha sauti, ila sisi tunapandisha na kushusha kutwa nzima bila kujijua, na Mwalimu alikwenda kuokota humo humo. Mteja akitajiwa bei ya kushtua husema "Eeh?", sauti inapaa: toni ya pili. Muuza vioo akimkemea mtoto anayegusa mali husema "We!", sauti inaanguka: toni ya nne. Mama akiwa na shaka na ubora wa mzigo husema "Mmh…", inazama, inatulia chini, inajiinua bila kuamua: toni ya tatu. Ya kwanza, ambayo iko juu na tambarare, ilimsumbua muda mrefu, mpaka akaisikia kwa kondakta wa daladala akiivuta ile herufi ya mwisho ya Gongo la Mboto. Ameirekodi. Vilio hivyo vinne vya mjini ndivyo vinavyofungua kozi yake, kabla ya neno lolote la Kichina.

Wengine hawahitaji msaada huo. Mhaya au Mchaga aliyekua na lugha ya kwao tayari ana toni sikioni. Kinachotakiwa ni kumkumbusha kwamba anayo. Mnyakyusa, ambaye lugha yake imeziacha kama Kiswahili kilivyoziacha, anaanza na wenzake wa Pwani. Mwalimu huwauliza lugha za nyumbani siku ya kwanza na kuwapanga viti kwa majibu yao. Nimehudhuria semina kadhaa za ufundishaji wa lugha ambapo swali hilo halikuulizwa.

Sikio likigoma, anafungua Praat. Hii ni programu ya wanafonetiki, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo ni bure, na sura yake ni ya kutisha kidogo kwa asiyeizoea. Mwalimu anaficha karibu kila kitu na kuacha mstari mmoja wa buluu unaoonyesha sauti inavyopanda na kushuka. Juu anaweka mstari wa Mchina, chini wa mwanafunzi. Nilimwona mama mmoja wa vitenge ambaye mài yake ilikuwa haianguki. Alikuwa akiitamka kwa adabu, sauti ikinyanyuka mwishoni kama mtu anayeomba. Aliambiwa mara chungu nzima, hakusikia kosa. Alipouona mstari wake unapanda pale wa mwenzake unaposhuka alisema, "Kumbe nambembeleza!" na iliyofuata ikaanguka sawasawa.

Sasa tarakimu kubwa. Sisi tunahesabu kwa elfu, laki na milioni. Wachina wana kituo chao kwenye elfu kumi, wàn, na tarakimu za juu yake zinahesabiwa kwa hizo: laki ni wan kumi, milioni ni wan mia. Tovuti zina mazoezi ya jambo hili, yamejaa koma na sifuri, na yanachosha. Mwalimu alitoa mfukoni noti nyekundu ya elfu kumi, msimbazi, akaishika juu. Msimbazi mmoja, wan moja. Kibunda cha noti kumi ni laki, yaani wan kumi. Laki tatu na nusu ni noti thelathini na tano, basi wan thelathini na tano. Watu hawa wamehesabu misimbazi tangu ujana. Mikono yao ilikuwa inahesabu Kichina siku zote. Baada ya hapo akawatengenezea zoezi la sauti kwa mapigo ya kile kipaza sauti cha machinga kinachorudia "buku, buku, buku jero" tangu asubuhi: tarakimu ya Kichina, kimya, jibu la Kiswahili, tena na tena. Linasikilizwa kwenye daladala. Kijana wa mlangoni ndiye anayeliweza kuliko wote, na naona ni haki.

Kikwazo kikubwa cha vitu vya bure ni kwamba vingi vimepitishwa kwenye Kiingereza. Pleco inafafanua kwa Kiingereza. Kozi ya Wamarekani ni ya Kiingereza. Mtu aliyeishia darasa la saba anajikuta anabeba lugha mbili ili apate moja. Kazi ya Mwalimu ya kila usiku, zaidi ya kukata sauti, ni kuking'oa Kiingereza hapo katikati, neno kwa neno, na wakati mwingine anakuta lugha mbili za pembeni zinaelewana kuliko zinavyoelewana na mkalimani wao. Sisi tuna "yeye", bila kutaja mwanamume au mwanamke. Mchina anayesema tā naye hataji. Tofauti anaiweka kwenye maandishi. Ukipita kwa Kiingereza unalazimishwa kuamua jinsia ya mtu ambaye hakuna aliyekuuliza habari zake. Google Translate, yenye Kiswahili tangu mwaka 2009, hakuipiga marufuku. Anaichukulia kama shahidi wa mahakamani: sentensi inakwenda Kichina, inarudishwa Kiswahili, na darasa linamhoji nini kimepotea njiani.

Kufundisha watu wazima kwa sauti za bure si jambo geni nchini kama linavyoonekana. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, na takriban watu milioni 2 wakajifunza usafi na kinga ya magonjwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kusikiliza redio kulikuwa bure, lakini waandaaji hawakuiachia redio peke yake. Watu walikaa vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa kwanza, na vijitabu mkononi. Kipindi kikiisha ndipo mazungumzo yanaanza. Wakubwa wa siku hizi wanaotangaza kwamba tovuti au programu mpya itafundisha taifa wangefanya vizuri kusoma ripoti za miaka ile. Na upo mfano wa upande wa pili. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, ikiwa na sauti za Kiswahili, watu wakaifurahia sana na hakuna aliyetoka na neno la Kichina, kwa kuwa halikuwemo. Mwalimu hutafuta tamthilia za namna hiyo zikiwa na sauti za asili. Wenye kuikumbuka hadithi tayari wanajua mama mkwe anasema nini. Anawapa kipande kifupi waisikie sauti yake ya kweli, wakiwa wameshaondolewa mzigo wa kubahatisha maana.

Kwenye maandishi simuungi mkono. Anafundisha herufi za Kichina chache tu: bei, jumla, kuingia, kutoka, usiguse, na zile za kwenye katoni. Hoja yake ni kwamba wafanyabiashara hawana muda, simu inasoma maandishi kwa kamera, na anayetaka kitabu apande Mlimani, kwenye Taasisi ya Confucius iliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013, alikoanzia yeye mwenyewe. Kamera inasoma, ni kweli. Lakini mkataba wa mzigo ni maandishi, na watu wanaotia sahihi karatasi wasiyoweza kuisoma wako wengi mno Kariakoo tayari, kwa lugha mbalimbali. Tumebishana, hatujaafikiana. Hata hivyo nimeona ameanza kuweka herufi za "amana" kwenye picha anazotuma, bila maelezo, kona ya chini.

Siku hizi darasani wamekuja Wachina pia. Walianza kwa kusindikizwa na mawinga, sasa wanakuja wenyewe, wanataka Kiswahili cha dukani. Mwalimu amegeukia upande wa pili wa belo na kukuta vitu vizuri na vichache: kozi ya Duolingo ya mwaka 2017, masomo ya sauti ya Language Transfer, na kozi nyingine ya wanadiplomasia wa Marekani ya miaka ya 1960, vyote vikipitia Kiingereza, na hakuna hata kimoja kinachozungumza kama mtu wa mitaa ya Msimbazi na Mkunguni saa tano asubuhi. Hivyo anarekodi mwenyewe. Kipande cha kwanza ni cha winga akitaja bei za mashuka, sekunde tisa, ndani yake mna "laki na ishirini", "buku" na "jero", na neno "bosi" mara tatu. Wanafunzi wapya walisikiliza wakasema huyu mtu anakimbia mno, apunguzwe kasi. Mwalimu alikataa. Akarudi kwenye kompyuta kuongeza kimya, na tatizo alilonalo sasa ni kwamba huyo winga havuti pumzi.